UZI: Tumbo linasingiziwa. Kazi kubwa ya kumeng'enya chakula iko utumbo mwembamba

#1 Kongosho_Kimya

Wadau salaam. Mtu akila akajisikia vibaya, hujamaliza kumuuliza ameshashika katikati ya mwili: "tumbo". Gesi, tumbo. Kuhara, tumbo. Chakula kukaa kifuani, tumbo tena. Uzi huu nataka tuligawanye hilo "tumbo" vipande vyake na kila kipande kibebe mzigo wake.

Njia ya chakula ni mrija mmoja unaoanzia kinywani na kuishia kwenye njia ya haja kubwa. Ukipimwa kwa maiti unafika mita 9 hivi, maana misuli imelegea. Kwa aliye hai ni mfupi zaidi kwa sababu misuli imekaza muda wote. Pembeni yake kuna viungo ambavyo chakula hakipiti ndani yake kabisa lakini bila hivyo mrija ungekuwa bomba tu: tezi za mate, ini, mfuko wa nyongo na kongosho.

Tumbo lenyewe, yaani ule mfuko ulio chini ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) upande wa kushoto, kazi yake ni kuhifadhi, kuponda, kuua vijidudu na kuanza kuikata protini. Halifyonzi karibu chochote, ukiacha pombe kiasi na dawa chache kama aspirini. Mtu anaweza kuondolewa tumbo zima, tuseme kwa sababu ya saratani, umio (mrija wa chakula utokao kooni) ukashonwa kwenye utumbo mwembamba, na akaishi miaka kwa milo midogo midogo na sindano za vitamini B12. Lakini akibakiwa na utumbo mwembamba chini ya sentimita 200 hivi, lishe inaanza kumpita, na ukipungua sana zaidi ya hapo huenda akalishwa kwa mshipa wa damu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tushuke kutoka juu. Anayejua sehemu yake aingie.

#2 Umio25

Naanza na kinywa, maana wengi hukiruka kana kwamba ni mlango tu.

Tezi kubwa za mate ni jozi 3: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kwa siku zinatoa lita 1 hadi 1.5. Mate yana kimeng'enya cha amilasi kinachokata wanga kuwa sukari fupi, ndiyo maana mkate ukitafunwa muda mrefu huanza kuonja utamu. Wengi hudhani kazi hiyo inakatika mara tu tonge linapomezwa. Hapana. Ndani ya tumbo, katikati ya rundo la chakula ambako tindikali haijafika, amilasi ya mate huendelea kukata kwa nusu saa au zaidi, hadi theluthi ya wanga ikawa imeshaguswa. Tindikali ikipenya, kimeng'enya kinakufa.

Kumeza sasa. Ulimi unasukuma tonge nyuma kwenye kaakaa. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya hiari. Baada ya hapo huwezi kubadili mawazo. Kaakaa laini linapanda kuziba njia ya pua, zoloto linapanda juu na mbele (shika koo lako umeze mate, utalisikia), kifuniko cha epigloti kinalala juu ya njia ya hewa, na pumzi inasimama kwa takribani sekunde moja. Ukicheka au kuongea katikati ya mpango huo, unapaliwa.

Umio ni sentimita 25 hivi. Theluthi ya juu ina misuli ya aina ile ya mikono na miguu, ya chini ina misuli laini isiyotii amri, ya kati imechanganyika. Tonge gumu hushuka kwa sekunde 8 hadi 10 likisukumwa na wimbi la misuli. Maji, ukiwa umekaa wima, yanatangulia wimbi lenyewe.

#3 Mdadisi_wa_Zamu

Mkuu Umio25, umegusia kupaliwa ukapita. Hebu malizia. Watu wanapigana migongo hovyo wakati mtu anakohoa vizuri tu.

#4 Umio25

Kweli, niliruka. Anayekohoa kwa nguvu, anayeweza kusema, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Hatari ni yule asiyetoa sauti, asiyevuta pumzi, anayeshika shingo na kuanza kuwa wa bluu midomoni. Huyo:

Mwinamishe mbele, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja cha mkono sehemu ya chini. Haijatoka? Simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu na chini ya mfupa wa kifua, mkono wa pili juu yake, vuta kwa ghafla ndani na juu mara 5. Rudia 5 kwa 5, na mtu mwingine apige simu ya dharura. Mjamzito husukumwa kifuani, si tumboni. Mtoto wa chini ya mwaka 1 habanwi tumbo kabisa, ini lake ni rahisi kupasuka: analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, anapigwa mgongoni mara 5, anageuzwa na kusukumwa kifuani kwa vidole mara 5. Akizimia, aanze kufanyiwa ufufuaji wa moyo na pumzi. Na usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.

#5 Bawabu_wa_Piloro

Tumbo niachieni mimi, kwa kuwa mwenye uzi ameshalivunjia heshima.

Likiwa tupu lina ujazo mdogo, chini ya mililita 100. Sehemu yake ya juu hulegea chakula kinapoingia, hivyo linapokea lita 1 hadi 1.5 bila shinikizo kupanda sana. Kwa siku linamwaga takribani lita 2 za majimaji. Ndani ya vishimo vya ukuta wake kuna seli za kazi tofauti: zipo za ute, zipo zinazotoa tindikali ya haidrokloriki pamoja na protini maalumu ya kubebea B12, zipo zinazotoa pepsinojeni, na zipo zinazotoa homoni ya gastrini inayoziamsha nyingine.

Pepsinojeni ni kisu ndani ya ala. Seli ingekitoa kikiwa wazi ingejikata yenyewe. Kinavuliwa ala na tindikali, nje ya seli, kikawa pepsini, na kinafanya kazi vizuri kwenye pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, makali yanapanda) ya karibu 2. Mbona basi tumbo halijimeng'enyi? Kwanza, ute mzito umetanda ukutani, na chini ya ute kuna bikaboneti inayozimua tindikali; katikati ya mfuko pH ni 2, milimita chache pembeni, kwenye uso wa seli, iko karibu na 7. Pili, seli za juu zinabadilishwa kila baada ya siku chache. Tatu, damu inapita kwa wingi ikiondoa tindikali iliyovuja. Ute na damu hiyo vinategemea kemikali za prostaglandini, na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huzipunguza. Dawa ya maumivu ya kiuno inaleta kidonda tumboni kwa njia hiyo, hata ukiimeza pamoja na chakula, hata ikichomwa kwa sindano. Inafanya kazi kupitia damu.

Kuponda: mawimbi 3 kwa dakika yanaanzia katikati ya mfuko kuelekea mlango wa chini, piloro. Mlango huo unafunguka kidogo tu. Vipande vikubwa kuliko milimita 2 hurudishwa nyuma vikapondwe tena. Rojo linalopita ni la mililita chache kwa kila wimbi. Kwa hiyo mlo wa kawaida unahitaji saa 4 hivi kuisha tumboni, mlo wa mafuta mengi zaidi ya hapo. Si kwamba mafuta "ni mazito". Ni utumbo mwembamba unaopeleka ujumbe juu: punguza kasi, bado nashughulika. Hapo nakubaliana na mwenye uzi, amri inatoka chini.

#6 Mdadisi_wa_Zamu

Je, maji wakati wa kula? Kuna wanaosema yanazimua tindikali chakula kikaoza.

#7 Bawabu_wa_Piloro

Glasi ya mililita 250 inapunguza makali kwa muda mfupi tu. Tumbo halitoi tindikali kwa kipimo cha kijiko. Linaendelea kutoa mpaka pH irudi chini ndipo gastrini izimwe. Maji yenyewe hayakai, nusu yake imeshapita piloro ndani ya dakika 20 hivi. Kuoza ni kazi ya bakteria, na tumbo ndilo eneo wanalolichukia kuliko yote katika mrija huu. Matunda baada ya mlo nayo "kuoza tumboni" ni hadithi hiyo hiyo. Mwenye kiungulia ana sababu nyingine ya kupunguza maji ya kunywa kwa mkupuo: ujazo. Tumbo likijaa sana, pete ya juu inaachia.

#8 Umio25

Na kiungulia ndicho hicho. Tindikali haijazidi kwa wengi wao. Iko mahali pasipo pake. Umio hauna ute ule wala bikaboneti ya kutosha. Pete ya msuli iliyo mwisho wa umio, ikisaidiwa na kiwambo, ndiyo kizuizi, na hulegea kwa mlo mkubwa, mafuta, pombe, sigara, ujauzito na unene wa kiunoni.

Yanayosaidia kwa hakika: usilale kabla ya saa 3 baada ya kula. Lala ubavu wa kushoto, kwa mkao huo mfuko unakuwa chini ya mdomo wa umio. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka vigingi chini ya miguu ya kitanda. Mito miwili mitatu haitoshi, inakukunja kiunoni na kuongeza shinikizo pale pale usipolitaka.

Dawa aina ya omeprazoli zina kosa moja linalorudiwa mno: watu humeza baada ya kula au wakati wa maumivu. Dawa hii inafunga pampu za tindikali zilizo kazini tu. Imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, ili iwe imefika kwenye damu chakula kinapoamsha pampu. Ukitaka nafuu ya papo hapo, hiyo ni kazi ya dawa za kuzimua, zile za kutafuna au za maji. Hizo nazo zisimezwe pamoja na vidonge vya chuma au baadhi ya antibiotiki, huvifunga visifyonzwe.

Tonge kukwama mara kwa mara, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa: hayo si ya kutibu kwa dawa za kuzimua, yanahitaji kipimo cha kamera.

#9 Mama_Tezi

Niongeze vidonda kabla hatujashuka. Miaka mingi vilihesabiwa kuwa vya mawazo na pilipili. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria wa Helicobacter pylori kutoka kwenye kioo cha maabara, akaugua kuvimba kwa tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyu hukata yurea kupata amonia, anajitengenezea wingu la alkali na kujichimbia ndani ya ute. Mawazo na pilipili vinaweza kuzidisha maumivu, lakini vidonda vingi chanzo chake ni bakteria huyu au dawa za maumivu alizozitaja Bawabu.

Vipimo: cha kinyesi na cha pumzi vinaonyesha maambukizi yaliyopo. Cha damu kinaonyesha kingamwili, na kingamwili hubaki muda mrefu baada ya kupona, kwa hiyo hakifai kuhakiki kama umepona. Omeprazoli na jamaa zake zisimamishwe wiki 2 kabla ya kupima, antibiotiki wiki 4, la sivyo utaambiwa huna kumbe unao. Tiba ni mchanganyiko wa dawa, mara nyingi siku 14. Anayeacha siku ya 5 kwa kuwa maumivu yameisha anawafundisha bakteria usugu.

Jambo dogo la kumfurahisha mwenye uzi: vingi vya vinavyoitwa "vidonda vya tumbo" viko kwenye duodenamu, yaani sentimita za kwanza za utumbo mwembamba. Hata jina limekosewa.

#10 Kongosho_Kimya

Asante Mama Tezi, hiyo naihifadhi. Sasa tufike nyumbani.

Utumbo mwembamba una vipande 3. Duodenamu, sentimita 25, imejikunja kama herufi C na kulikumbatia kongosho. Jejunamu inafuata, kisha ileamu iliyo ndefu zaidi. Kwa maiti jumla ni kama mita 6.

Rojo linafika likiwa na pH ya karibu 2. Seli za duodenamu zikiionja tindikali hiyo zinamwaga homoni ya sekretini kwenye damu, nayo inaliamuru kongosho lilete bikaboneti. William Bayliss na Ernest Starling waligundua jambo hili London mwaka 1902: walikata mishipa ya fahamu ya utumbo wa mbwa, kongosho likaendelea kujibu, maana ujumbe ulikuwa unasafiri kwa damu. Zikionja mafuta na protini, zinatoa homoni ya pili, kolesistokinini, inayobana mfuko wa nyongo, inayoleta vimeng'enya vya kongosho na inayozuia tumbo lisilete mzigo mwingine. Huo ndio ujumbe aliousema Bawabu.

Kongosho linatoa takribani lita 1.5 kwa siku, ndani yake vimeng'enya vya kila aina: amilasi kwa wanga, lipasi kwa mafuta, tripsini na wenzake kwa protini. Nao wa protini wanatoka wakiwa ndani ya ala. Ufunguo uko ukutani mwa duodenamu, kimeng'enya kinachomvua tripsini ala, naye akawavua wenzake wote. Ala zikivuliwa mapema, ndani ya kongosho lenyewe, kiungo kinajila. Maumivu yake ni makali juu ya kitovu, yanatoboa hadi mgongoni, na lipasi kwenye damu hupanda mara 3 ya kiwango cha juu au zaidi. Visababishi viwili vikubwa ni mawe ya nyongo na pombe.

Mafuta hayayeyuki majini, na lipasi iko majini. Nyongo haina kimeng'enya hata kimoja. Chumvi zake hufanya kazi ya sabuni, zinavunja tone kubwa kuwa matone madogo sana ili lipasi ipate pa kushika. Yaliyokatwa hufunikwa tena na chumvi hizo na kupelekwa ukutani. Ndani ya seli yanaunganishwa upya, yanavikwa protini, yanaingia mishipa ya limfu na kuzunguka hadi kwenye damu karibu na shingo. Sukari na asidi amino hazizunguki hivyo, zinakwenda moja kwa moja kwenye ini.

Hatua ya mwisho ya kukata haifanyiki kwenye majimaji. Inafanyika kwenye nywele za seli za ukutani, ambako vimeng'enya vya laktasi, maltasi na sukrasi vimejishikiza. Kwa hiyo ugonjwa wowote unaokwangua ukuta, hata kuhara kwa virusi, unaweza kuondoa laktasi kwa siku au wiki kadhaa. Maziwa yakinywewa, sukari yake inabaki, inavuta maji, inateremka kwa bakteria wa chini na kuwa gesi. Kwa watu wazima wengi duniani laktasi hupungua yenyewe baada ya utoto, ni maumbile tu. Wengi wao huvumilia glasi moja ikinywewa pamoja na chakula.

Kila kitu kina kituo chake. Chuma na kalsiamu: duodenamu hasa. Sukari, protini na mafuta: sehemu kubwa imeisha jejunamu. B12 na chumvi za nyongo: mwisho kabisa wa ileamu, na asilimia 95 ya chumvi hizo hurudi kwenye ini zikatumike tena. Mtu akikatwa mwisho wa ileamu, upungufu wa B12 hauonekani mwaka wa kwanza. Ini lina akiba ya miaka 3 hadi 5. Unakuja kimya kimya, ganzi miguuni na damu pungufu, wakati operesheni imeshasahaulika. Metfomini (dawa ya kisukari) na omeprazoli zikitumiwa miaka mingi nazo huishusha B12.

#11 Vilai_Elfu

Mkuu, hujataja eneo, na afadhali, maana watu huwa wanasema "ukuta wa utumbo ukitandazwa ni uwanja wa tenisi". Hesabu hiyo ilirudiwa na watafiti wa Sweden mwaka 2014 kwa hadubini. Walipata mita za mraba 32 hivi kwa njia nzima, karibu 30 zikiwa za utumbo mwembamba. Ni kama nusu ya uwanja wa badminton. Bado ni kubwa kwa bomba la upana wa sentimita 2 na nusu. Siri ni mikunjo, juu ya mikunjo kuna vilai, vinundu vyembamba kama vidole, vya urefu wa milimita 0.5 hadi 1, na juu ya kila seli ya kilai kuna nywele. Seli zenyewe huzaliwa shimoni, zinapanda hadi kileleni na kudondoka ndani ya siku 3 hadi 5. Tiba za saratani zinazoua seli zinazogawanyika haraka zinaharisha kwa sababu hiyo.

#12 Nyongo_Chungu

Ini ni kilo 1.5 hivi, linatengeneza nyongo mililita 500 hadi 1,000 kwa siku. Mfuko wa nyongo hauitengenezi, unaihifadhi mililita 30 hadi 50 na kuikausha ikawa nzito mara kadhaa. Kolesteroli ikizidi chumvi, inaganda: ndiyo mawe. Mengi hayana dalili. Jiwe likiziba shingo ya mfuko wakati kolesistokinini inaubana, maumivu yanakuja chini ya mbavu za kulia au juu ya kitovu, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta, yanakaa kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, na yanaweza kupanda hadi bega la kulia. Likiteremka kwenye mrija mkuu: macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, kinyesi cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Ikiongezeka homa na kutetemeka, usisubiri asubuhi. Na kwa kuwa mrija wa nyongo na wa kongosho hufunguka kwenye tundu moja, jiwe dogo lililonasa hapo ndilo linalowasha moto wa kongosho. Jiwe dogo ni hatari kuliko kubwa, linasafiri.

Aliyeondolewa mfuko anaishi vizuri. Nyongo inadondoka kidogo kidogo moja kwa moja. Wachache hubaki na choo chepesi.

#13 Mama_Tezi

Hesabu ya maji ndiyo inayomaliza ubishi wa mwenye uzi. Kwa siku moja, kwa mtu mzima:

Vinywaji na chakula lita 2, mate 1.5, tumbo 2, nyongo 0.5, kongosho 1.5, utumbo wenyewe 1.5. Jumla lita 9. Utumbo mwembamba unarudisha mwilini kama 7.5. Mpana unapokea 1.5 na kuacha mililita 100 hadi 200 tu zitoke. Utumbo mpana ukibanwa unaweza kurudisha hadi lita 4 au 5, lakini kipindupindu kikifungua mabomba ya chumvi ya utumbo mwembamba yanashuka mengi kuliko hayo, na mgonjwa anakauka ndani ya saa chache.

Sasa utamu wake: sumu ya kipindupindu haigusi mlango mmoja, ule unaoingiza sodiamu ikiwa imeshikana na glukosi. Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Chumvi peke yake haipiti vizuri, sukari ikiwepo inapita, na maji yanafuata. ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayopewa anayehara, yote imejengwa juu ya mlango huo. Pakiti ya sasa kwa lita 1: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, potasiamu kloridi 1.5, sitreti 2.9.

Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Makosa mawili. Kuongeza sukari "ili apate nguvu": sukari ya ziada inavuta maji kuja utumboni, kuhara kunazidi. Kubahatisha chumvi: kwa mtoto ni hatari. Baada ya kila choo cha maji, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena kijiko kwa kijiko. Mtoto apewe pia zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Wa chini ya miezi 6 apewe 10. Mchanganyiko uliopita saa 24 umwagwe. Macho yaliyozama, ulegevu, kushindwa kunywa, damu kwenye choo: hospitali.

#14 Vilai_Elfu

Utumbo mpana ni mita 1.5 tu. Unaanza chini kulia, unapanda, unavuka, unashuka kushoto. Chakula kilichotoka tumboni kinafika hapo baada ya saa 2 hadi 6, kisha kinakaa humo siku nzima au mbili. Bakteria ndio wenyeji: kwa mtu wa kilo 70 wanakadiriwa trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili. Ule usemi wa "10 kwa 1" ulishapitwa. Wanachachusha nyuzinyuzi tusizoweza kukata na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta huo. Gesi ni zao la kazi hiyo. Lengo ni gramu 25 au zaidi za nyuzinyuzi kwa siku, zikiongezwa taratibu kwa wiki kadhaa pamoja na maji. Ukiruka kutoka 10 hadi 30 kwa usiku mmoja utajaa upepo na kuzilaumu nyuzinyuzi bure.

Chini ya choo mara 3 kwa wiki, au kigumu cha kukamua: umefunga choo. Hamu huja yenyewe dakika chache baada ya mlo, hasa wa asubuhi, kwa kuwa tumbo likijaa mpana husukuma. Ukiibana kila siku, maji yanaendelea kufyonzwa, kinyesi kinakuwa jiwe, na kukamua kunaleta bawasiri. Ukikaa chooni weka miguu juu ya kigoda cha sentimita 15 hadi 20, magoti yapite usawa wa nyonga: msuli unaoikunja puru kama bomba lililopindwa unalegea.

Rangi: kahawia inatokana na nyongo iliyobadilishwa na bakteria. Cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, ni damu kutoka juu, isipokuwa mtu anameza vidonge vya chuma au bismathi. Nyekundu mara nyingi ni ya chini, lakini mtu wa miaka 50 asijihakikishie kuwa ni bawasiri.

#15 Mdadisi_wa_Zamu

Kidole tumbo je? Kwa nini maumivu yanaanzia kitovuni halafu yanahama?

#16 Bawabu_wa_Piloro

Kwa sababu ya waya. Kidole tumbo, kama sentimita 9, kikiziba na kuvimba, mishipa yake ya fahamu inaingia uti wa mgongo kwenye kiwango kile kile cha ngozi ya kitovu, na ubongo haujui kutofautisha. Saa kadhaa baadaye uvimbe unagusa utando wa ndani wa ukuta wa mwili, wenye mishipa yake inayojua mahali hasa. Maumivu yanahamia chini kulia, theluthi moja ya njia kutoka ncha ya mfupa wa nyonga kwenda kitovuni. Hamu ya kula inakatika mapema. Usimpe mtu huyo dawa ya kuharisha. Na nafuu ya ghafla ikifuatiwa na tumbo gumu kama ubao huenda ni kupasuka.

#17 Mdadisi_wa_Zamu

Nawashukuru wakuu. La mwisho: kusafisha utumbo, wanaosema kuna kilo kadhaa za uchafu wa miaka umeganda ukutani. Na ile ngurumo ya njaa, angalau hiyo ni tumbo?

#18 Kongosho_Kimya

La kwanza: Vilai_Elfu ameshasema seli za ukuta wa utumbo mwembamba zinadondoka kila siku 3 hadi 5, na za mpana hazikawii sana kuliko hapo. Uchafu ungeganda kwenye nini? Kamera inayoingizwa baada ya dawa ya kusafisha inaona ukuta wa pinki unaong'aa, basi. "Kamba" zinazotoka kwa baadhi ya bidhaa hizo ni unga wa nyuzinyuzi uliomo ndani ya bidhaa yenyewe, umevimba kwa maji.

La pili: nusu tu. Ukikaa bila kula, kila dakika 90 hadi 120 wimbi zito la misuli linaanza tumboni na kutembea polepole hadi mwisho wa ileamu, likifagia makombo, ute na bakteria. Sauti ni hewa na maji vikikamuliwa, tumboni na kwenye utumbo mwembamba pia. Ukila kitu, hata kidogo, ufagio unasimama, ndiyo maana anayedonoa kila nusu saa hampi mfagiaji nafasi. Na wimbi hilo likishavuka piloro, safari iliyobaki yote ni ya utumbo mwembamba.